Marashi ya Kwendea Mashineni

Nilizihesabu Jumapili umeme ulipokatika,
kwa mwanga wa simu, kidole kikipita shingo kwa shingo:
chupa arobaini na tatu,
mbali na vile vichupa vya haludi
vilivyolala kwenye kopo la biskuti.
Kabati halifungi tena.
Mlango nimeuegemezea ndoo ya unga.

Kila msimu wa korosho nilinunua.
Chama kikishalipa, nalipa ada, nalipa deni la Nanjonga,
bati mbili, sukari,
halafu miguu yenyewe inashuka sokoni Lindi
kwa yule kijana wa Masasi na meza yake ya manukato,
anipulizie kwenye kifundo cha mkono, anisifu,
nipande kurudi Mtanda na kitu cha kuweka.

Kuweka. Kazi hiyo niliijua.
Haya ya harusi. Haya ya Idi.
Haya ya siku Sikudhani atakapohitimu.
Akahitimu, nami nikasahau,
nilikuwa nakimbilia basi la alfajiri;
kwenye picha ile tumekumbatiana,
na ukiisogeza karibu, yanuka dizeli.

Basi Jumapili hiyo nikaivuta ile ya boksi la buluu,
nailoni yake haijachanika,
nikaiinua kwenye mwanga:
nusu haipo.
Nikaipindua. Nikatafuta ufa.
Mwizi hakuna.
Siku ndizo zimekuwa zikijipaka.

Kesho yake nikaenda kusaga makopa na ya harusi.
Shingoni, nyuma ya masikio, kwenye pindo la kanga,
bila ubahili.
Kijana wa mashine akazima injini:
"Mama Siku, kuna msiba au kuna mume?"
"Kuna makopa," nikamwambia. "Saga."

Ya waridi nimefagilia banda la kuku.
Miski nilijipaka viganjani kabla ya kubangua,
ikagombana na moshi wa maganda hadi adhuhuri;
moshi ulishinda, lakini kwa taabu.
Mengine yalikwishachacha kama mabibo ya juzi:
nikayamwaga mferejini, mfereji ukateremka ukiringa.
Na yale aliyoniletea Baba Siku kutoka Mtwara
mwaka ule alipokuja kuomba radhi,
nayapuliza chooni.
Mimi radhi sikutoa. Choo kimetoa.

Uani wanasema.
Somoe Likwata alisema ukutani, makusudi nisikie,
mwanamke wa miaka hamsini na sita hanukii bure.
Sikujibu. Nilikuwa natikisa chupa.

Kimoja tu nilikiapia: kile cha mama,
asumini, kizibo cha pamba,
mafuta yalikwisha kabla sijaolewa.
Alijipaka Ijumaa, tone moja, kisha akanusa kidole
kana kwamba kidole ni cha mtu mwingine.
Mjukuu wangu Chausiku akachomoa pamba,
akaiweka puani, akafikiri.
"Bibi, inanuka kabati."
Nikanusa.
Kabati.
Mbao, vumbi, dawa ya mende.
Nikakaa nayo kidogo mkononi,
kisha nikaichovya pamba ileile kwenye ambari mpya,
nikampaka mtoto nyweleni, akatoka mbio
kuwapa kuku habari.

Jana jioni Somoe kaja kuazima chumvi.
Kasimama mlangoni, katazama ndoo ya unga,
katazama kabati,
kanyoosha mkono, mishipa juu.
Nikampulizia mara tatu. Ya nne kajipulizia mwenyewe.
Chumvi kaisahau.

Wiki ya tatu leo; zimebaki thelathini na sita.
Kesho ni zamu yetu ya maji bombani,
na sijui nianze na ipi.